Je, Wajua? Uvimbe wa Mbwa na Kisu cha Daktari

Je, wajua kuwa saratani inayoongoza kwenye ngozi ya mbwa ni ya seli masti? Hizi ni seli za kinga zilizosheheni histamini, kemikali ile ile inayokuwasha ukiumwa na mbu. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, hata udaktari hajaumaliza.

Je, wajua uvimbe huu hauna sura moja? Kwa mbwa huyu ni kama chunusi, kwa yule ni donge laini linaloteleza chini ya ngozi. Ukiuminya, histamini hufumuka na uvimbe huumuka, mwekundu, papo hapo. Basi acha kuuminya! Histamini hiyo huchochea asidi tumboni, ndiyo maana mbwa mwenye kinundu mguuni anaweza kutapika damu.

Je, wajua vidole havitoshi kuutambua? Daktari wa mifugo huchoma sindano nyembamba, huvuta seli, huzipaka kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Mara nyingi hata nusukaputi haihitajiki. Akikwambia “ni mafuta tu” kwa kupapasa, mwombe hiyo sindano.

Je, wajua uvimbe wa sentimita 1 unaweza kuacha jeraha la sentimita 5? Kwa seli masti, madaktari wengi hukata sentimita 2 au zaidi za ngozi nzima kila upande, na kwenda chini mpaka utando wa misuli. Tena mkato huchorwa umbo la jicho ili ngozi ikutane bila kujikunja, kwa hiyo mshono huwa mrefu zaidi. Wenye mbwa hushtuka wakiuona. Afadhali washtuke.

Kwa maana kuna sarkoma, uvimbe wa tishu laini, ambao humhadaa mkataji. Huonekana umejifunga kwenye mfuko wake, tayari kuchomolewa kama kokwa ya embe. Kumbe mfuko wenyewe una seli za saratani zilizobanana! Anayeuchomoa peke yake ameacha mbegu, na miezi kadhaa baadaye donge huota palepale kwenye kovu. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza: mipaka imevurugika, ngozi imepungua, na mguuni haikuwa ya kutosha tangu mwanzo.

Je, wajua kipande kilichokatwa hupakwa wino? Kisha hutiwa kwenye formalini, takriban mara 10 ya ujazo wake, na kupelekwa maabara. Seli za saratani zikikutwa zimegusa wino, huenda nyingine zimebaki kwa mbwa. Hapo huzungumzwa kukata tena, au mionzi panapopatikana. Ila si kila uliobakizwa hurudi, na kingo safi nazo si kinga kamili: seli masti kali huweza kuwa zimeshafika kwenye tezi za limfu, ini au wengu. Tangu 2011 wataalamu wengi huugawa uvimbe wa seli masti katika madaraja mawili tu ya ukali, la chini na la juu.

Je, wajua boksa na pagi huupata uvimbe huu kuliko mbwa wengine? Wa boksa, kwa bahati, mara nyingi ni wa daraja la chini.

Je, wajua si kila donge linataka kisu? Histiositoma ya mbwa mchanga mara nyingi hunywea yenyewe. Uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana hurudi mara nyingi ukikatwa, lakini husalimu amri kwa sindano za vinkristini za kila wiki.

Je, wajua mbegu za mti wa msituni Queensland, Australia, zimetoa dawa? Marekani iliiidhinisha mwaka 2020. Huchomwa ndani ya uvimbe wenyewe wa seli masti, nao huwa mweusi, hufa na kudondoka, ukiacha kidonda kinachopona kwa wiki kadhaa.

Siku ya upasuaji, usiondoke kliniki kabla hujauliza kile kipande kinapelekwa maabara gani, na majibu yanatoka lini.