Gazeti Lililoshuka Stesheni ya Urambo

Baba yangu alikuwa katekista Urambo, na Kiongozi, gazeti la Wakatoliki lililoanzishwa Tabora mwaka 1950, lilimfikia kwa treni ya Kigoma. Dini yetu wakati huo ilikuwa ya swali na jibu: mwalimu anauliza, watoto tunajibu kwa pamoja, anayekosea anarudia. Swali lisilokuwamo katika katekisimu, nani angethubutu kuliuliza?

Gazeti likayaleta maswali hayo nyumbani. Kuanzia 1962 hadi 1965 maaskofu walikutana Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikani, akiwamo Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika. Hati ya Desemba 1963 iliruhusu lugha za watu katika ibada. Jioni, karabai mezani, baba alisoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari. Mama hakujua kusoma, lakini ndiye aliyemkatiza zaidi. "Kwani siku zote hizi Mungu alikuwa hasikii Kiswahili?" Baba alinyamaza, akarudia kusoma aya ile tangu mwanzo.

Marekani walishayapitia ya namna hii. Mwaka 1819, huko Baltimore, William Ellery Channing alihubiri kwamba Mungu ni mmoja wala si Utatu, na kwamba Biblia isomwe kwa kutumia akili. Miaka miwili baadaye gazeti la Christian Register likaanza Boston, likaueneza mwelekeo huo. Wao walifika mahali ambapo Roma haiwezi kufika kamwe, lakini kazi ya gazeti naiona ni ile ile. Mahubiri ukishayasikia yamepita. Gazeti linalala nyumbani, na kesho mnalibishia tena.

Kwetu ubishi ulivuka ua. Wamisionari wa London walifika Urambo mwaka 1879, enzi za Mtemi Mirambo, na mwaka 1898 Wamoravian wakaipokea kazi yao. Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga kanisani kwao. Kumbe Novemba 1964 Mtaguso ukawaita ndugu. Na Oktoba 1965 ukawataja kwa heshima Waislamu, watu walioishi Tabora na Ujiji tangu zama za misafara.

Jirani yetu, mzee wa kanisa la Moravian, aliliazima gazeti lenye habari hizo, akalirudisha Jumapili jioni. "Mwalimu," alimwambia baba, "mmechelewa, lakini karibuni." Akavuta kigoda, wakaanza kubishana juu ya Bikira Maria, na mama akawaongezea chai.