Chuma Asichokijua Mtoto

Akina mama wenzetu wa Dodoma, twaweza kudhani mabomu ya kutegwa ardhini ni shida ya majirani tu. Msumbiji ilitangaza mwaka 2015 kwamba imeyaondoa. Waliosaidia ni panya buku waliofundishwa kunusa baruti pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. (Ndio hao hao tunaowafukuza mashambani!)

Lakini Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka. Watoto waliuawa, wengine wengi wakajeruhiwa.

Wanetu nao huokota vyuma, wapate hela ya andazi. Tusiwagombeze tu, tuwaulize wameviokota wapi. Chuma wasichokijua wasikiguse, wasikipige mawe, wasikitie motoni. Warudi kwa njia ile ile waliyojia, wamwambie mtu mzima, naye awaite polisi. Asikibebe kukipeleka kituoni.

Mtu akijeruhiwa, sisi wauguzi twasema: kandamiza jeraha kwa kanga safi, kwa nguvu, bila kuachia, mpaka hospitali. Majivu na udongo, hapana.