Tafsiri Mbili Kabla ya Ufafanuzi Mmoja: Ununue Nini Ukitaka Kuyaelewa Maandiko

Mwumini akiamua kujifunza Biblia kwa undani, mara nyingi huingia dukani akatoka na kitabu kinene cha ufafanuzi. Amelipa bei ya juu, naye anatumaini kwamba mwandishi amekwisha kumtatulia kila gumu. Naona fedha hiyo imewahi mno kutoka mfukoni. Kwa bei hiyo, na mara nyingi kwa chini yake, angepata tafsiri mbili za Kiswahili zisizofanana, akazifungua juu ya meza moja, na maswali yangejitokeza yenyewe kabla hajapewa jibu la mtu mwingine.

Tuanze basi na tafsiri. Union Version ilitoka mwaka 1952, baada ya miaka mingi ambayo Wakristo wa Mombasa na wa Unguja walikuwa na Biblia zao tofauti. Ndiyo inayosomwa mimbarani katika makanisa mengi, na ndiyo watu waliyoikariri tangu Shule ya Jumapili. Inafuata kwa karibu mpangilio wa sentensi za Kiebrania na Kigiriki. Kwa hiyo sentensi ndefu hubaki ndefu, na neno lililorudiwa na mwandishi wa kwanza mara nyingi hurudiwa pia katika Kiswahili. Hilo ni faida kubwa kwa anayefuatilia hoja. Hasara yake ni Kiswahili ambacho kijana wa leo hukwama nacho, hasa katika nyaraka za Paulo.

Habari Njema ni kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Agano lake Jipya lilitoka 1977 na Biblia nzima katika miaka ya 1990. Watafsiri wake waliuliza sentensi inamaanisha nini, kisha wakaiandika kama Mswahili angeisema. Chukua Waefeso 1, mstari wa 3 hadi wa 14. Katika Kigiriki hiyo ni sentensi moja. Habari Njema inaikata vipande vinavyosomeka kwa pumzi ya kawaida, na msomaji anaelewa mara moja. Lakini kila mkato ni uamuzi wa mtafsiri kuhusu wazo lipi linashikamana na lipi. Ukiwa na Union Version kando utaiona mikato hiyo. Usipokuwa nayo utaidhani ni ya Paulo. Biblia ya Neno, ya shirika la Biblica, iko katikati ya hizo mbili. Inamfaa mtu anayeweza kununua moja tu.

Kuhusu bei, mnunuzi aangalie analipia nini. Maneno ya ndani ni yaleyale, ila jalada la ngozi, zipu na kurasa zenye kingo za dhahabu hupandisha bei kwa kiasi ambacho mara nyingi kingetosha kununua nakala ya pili ya jalada gumu. Kama una nyongeza ya kutoa, itoe kwa marejeo ya pembeni, tanbihi na herufi ambazo macho yako yatazisoma usiku. Marejeo ya pembeni ndiyo yanayokuonyesha kwamba Marko ananukuu Isaya, na hakuna zipu itakayokufanyia kazi hiyo. Mkatoliki aulize pia kabla ya kulipa: Habari Njema huchapwa ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni au bila hivyo. Biblia yake ina vitabu 73. Ile yenye 66 itamkosesha Tobiti, Yudithi na Wamakabayo.

Kuna jaribio moja ambalo kila mnunuzi anaweza kulifanya dukani bila kulipa senti. Fungua Waefeso 5, utazame kichwa kidogo kinachohusu mke na mume kimewekwa wapi: kabla ya mstari wa 21 au baada yake. Mstari wa 21 unawahimiza waumini wote watiiane, mmoja kwa mwenzake. Wa 22 unawageukia wake. Katika nakala za Kigiriki za zamani sana, ikiwemo ile ya mafunjo iitwayo P46, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 200, mstari wa 22 hauna kitenzi chake. Unaazima cha mstari wa 21. Maana yake ni kwamba utii wa mke umeandikwa ndani ya sentensi inayodai utii wa wote. Mchapishaji akipachika kichwa katikati ya mistari hiyo miwili, sentensi imekatwa, na msomaji anaanza kusoma habari za ndoa kana kwamba hakuna kilichotangulia. Ndoa zimehukumiwa barazani mwa wazee wa kanisa kwa kuanzia mstari wa 22. Nikisema kichwa kidogo kina gharama, hicho ndicho ninachomaanisha.

Vichwa hivyo si Maandiko. Hata namba si Maandiko: sura tulizozoea zinatokana na Stephen Langton wa mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Hii ndiyo hemenetiki, yaani kanuni za kufasiri Maandiko, katika hatua yake ya kwanza, nayo haina ada: kujua kipi kimetoka kwa mwandishi na kipi kimetoka kiwandani.

Sasa vitabu vya ufafanuzi. Vya bure viko tele mtandaoni, na kinachopakuliwa zaidi pengine ni cha Matthew Henry wa Uingereza. Ni kitabu cha mchungaji mwenye moyo wa ibada, nami sitamzuia mtu kukisoma. Ila ajue anachokipata. Henry alifariki mwaka 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume. Kuanzia Warumi hadi Ufunuo kazi ilimaliziwa na wachungaji wengine. Alifariki zaidi ya karne moja kabla mtaalamu Tischendorf hajaileta hadharani Kodeksi ya Sinai, nakala ya Kigiriki ya kale sana, na zaidi ya karne mbili kabla ya magombo ya kale ya mapango ya Kumrani kuanza kupatikana mwaka 1947. Gombo la Isaya la Kumrani lina umri wa takriban miaka elfu moja zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa. Ukiuliza kitabu cha zamani kwa nini Biblia yako ina tanbihi penye Marko 16:9-20, hakitakujibu. Mistari hiyo haimo katika Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikani, na watafsiri wa leo wanaona ni wajibu wao kukuambia.

Kwa wanaosoma Kiingereza, ushauri wangu ni Africa Bible Commentary ya mwaka 2006, iliyohaririwa na Tokunboh Adeyemo wa Nigeria. Wasomi 70 wa Afrika walifafanua Biblia nzima katika buku moja. Injili ya Yohana, kwa mfano, ni kazi ya Samuel Ngewa wa Kenya. Ni ghali, na kwa kuwa Biblia yote imebanwa humo, mstari mgumu waweza kupata aya moja fupi. Lakini buku hilo linajibu maswali yanayoulizwa hapa kwetu, kuhusu mizimu, ukabila na wajane, ambayo waandishi wa Ulaya huyapita haraka.

Kabla ya kulipia ufafanuzi wowote, fungua Malaki 3:10, penye agizo la kuleta zaka ghalani. Mstari huu umetoa fedha nyingi mifukoni mwa watu wetu kuliko mwingine ninaoujua. Tazama mwandishi anafanya nini nao. Je, anaeleza kwamba ghala lile lilikuwa la nafaka hekaluni? Anakupeleka Nehemia 13, ambako Walawi walikimbilia mashambani kwa sababu hawakupewa posho? Anakumbuka Kumbukumbu la Torati 14, ambako zaka ya mwaka wa tatu iliwalisha Walawi, wageni, yatima na wajane? Halafu anakuambia waziwazi amevukaje kutoka huko hadi kikapu cha sadaka cha leo? Mwandishi anayepita njia hiyo yote anaweza kuishia kuhimiza zaka au kutoihimiza, nawe utakuwa umeona hatua zake na unaweza kuzipima. Anayeruka kutoka mstari moja kwa moja hadi bahasha, rudisha kitabu chake rafuni.

Simu nayo ina nafasi yake. Programu ya YouVersion ni ya bure na ina tafsiri kadhaa za Kiswahili. STEP Bible, iliyoanzishwa katika Tyndale House ya Cambridge, nayo ni ya bure, na inakuonyesha neno la Kigiriki au Kiebrania lililo nyuma ya tafsiri za Kiingereza. Gharama ni bando na chaji. Udhaifu wa simu ni kwamba kioo kidogo huonyesha mstari mmoja mmoja, na mstari mmoja mmoja ndio ugonjwa wenyewe. Yeremia 29:11 husambazwa kwenye kadi za mahafali bila mstari wa 10, unaotaja miaka 70 ya uhamishoni Babeli. Mistari hiyo ni ya barua ya Yeremia kwa wahamishwa, na wengi wao wangefia ugenini. Tumia simu kutafuta. Kusoma, soma kwenye kitabu.

Kozi ni ghali kuliko vyote, kwa ada na kwa muda. Masomo ya theolojia kwa enezi hukuruhusu kubaki kazini na nyumbani, nayo kwa walei wengi yanatosha. Anayetaka diploma au shahada ahakikishe kwanza kwamba chuo kimesajiliwa na mamlaka husika: Tanzania ni NACTVET kwa diploma na TCU kwa vyuo vikuu, Kenya ni CUE kwa vyuo vikuu. Cheti cha theolojia kinachotolewa kwa semina ya siku chache na malipo makubwa hakimfundishi mtu kufasiri chochote.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye fedha kidogo anunue Union Version na Habari Njema za jalada gumu, na simu imsaidie kutafuta. Akipata nyongeza, anunue itifaki, kitabu kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha yalipo, au kamusi ya Biblia, kabla hajafikiria ufafanuzi. Ufafanuzi mzuri ni mzigo mzito kwa mtu mmoja, kwa hiyo ununuliwe na usharika, parokia au jumuiya, uwekwe mahali ambapo hata mama asiye na cheo chochote kanisani anaweza kuuazima Jumapili na kuurudisha Jumapili inayofuata. Wazee wa kanisa mnaosoma haya, bajeti ya mwaka ikijadiliwa, liombeeni kabati la vitabu fungu lake.