Mlio wa Mgongo Si Mfupa Unaorudi Mahali Pake

Munigi, kaskazini mwa Goma, imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava hunywa mvua ikishanyesha tu, mto haupo, na maji mengi hufika nyumbani kwa nguvu za mgongo. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20. Akina mama hubeba mizigo kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Vijana husukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zenye mamia ya kilo za makaa na viazi. Kiuno kikishikwa, utasikia kwamba yuko fundi anayerudisha mfupa kwa msukumo mmoja na mlio mmoja.

Tiba ya namna hiyo, kiropraktiki, ilianzishwa na Daniel David Palmer mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895. Palmer aliamini kwamba magonjwa karibu yote hutokana na pingili za uti wa mgongo zilizohama. Sayansi haikuithibitisha imani hiyo. Kilichobaki ni ufundi wa mikono wa kusogeza viungo vya mgongo, nao umepimwa.

Mtaalamu wa kweli huanza na maswali: maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni, uliwahi kuanguka? Hupima nguvu za miguu yako, kisha hukulaza, hupeleka kiungo hadi ukomo wa mwendo wake, na kukisukuma kwa kasi, kidogo tu. Ndipo kinapolia.

Pingili hukutana kwenye viungo vidogo vyenye ute. Nyuso zake zikiachana ghafla, shinikizo hushuka na uwazi wa gesi hutokea ndani ya ute. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI za vidole vinavyovutwa, wakauona uwazi huo ukitokea pamoja na mlio. Hakuna mfupa uliohama wala uliorudi. Unachoweza kupata ni nafuu ya muda na wepesi wa kuinama. Wengine huhisi uchungu mdogo kwa siku moja au mbili.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Tiba hii ya mikono imo, lakini bega kwa bega na mazoezi na elimu ya kuutunza mwili. Mikanda ya kiuno haikupendekezwa.

Kuna migongo isiyopaswa kusukumwa kabisa. Homa, jasho la usiku na kukonda vinaweza kuwa dalili za kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ganzi kwenye mapaja au miguu, mguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeanguka kwa kishindo apigwe picha kwanza. Na shingo isizungushwe kwa nguvu na asiyesomea, kwa maana mshipa wa damu unaweza kuchanika na kuleta kiharusi, ingawa ni nadra.

Goma ina wataalamu wa viungo, wale tunaowaita kine; Hospitali ya HEAL Africa na Kituo cha Shirika la Umoja vimewahudumia watu kwa miaka mingi. Nenda kwao kabla ya kumkabidhi mtu mgongo wako. Asiyekuuliza swali hata moja, usimruhusu akuguse.