Punguzo la laptopu linalopotelea njiani

Barua ya kuitwa chuoni ikifika Kanyangi, familia hupiga hesabu ya karo, kisha ya chumba, kisha ya laptopu. Chuo kikuu wasichohitaji kwenda mbali kukifikia kimo katika eneobunge lao la Kitui Rural: South Eastern Kenya University, maarufu kama SEKU, chenye makao makuu Kwavonza. Walio ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni, wana kampasi yake mjini Wote. Karo ina mikopo ya HELB, chumba kina wenyeji wa kukodisha. Laptopu ndiyo haina mwenyewe: mzazi huuza mbuzi au magunia ya ndengu, akapanda gari kwenda kununua kwa bei anayotajiwa.

Kwingineko duniani bei ya mwanafunzi ni jambo la kawaida. Apple, Dell, HP na Lenovo hupunguza bei kwa wanafunzi na wahadhiri wa Marekani na Uingereza, kwa kawaida mradi wathibitishe kuwa wa chuo, mara nyingi kwa barua pepe ya chuo, na wawe na anwani ya nchini humo. Mwenye barua pepe inayoishia na "ac.ke" haingii kwenye mlango huo. Apple haina hata duka lake la mtandaoni nchini Kenya. Bidhaa zake huuzwa na mawakala. Kwa hiyo bango la "bei ya wanafunzi" katika duka la Nairobi mara nyingi ni faida ya mwenye duka iliyopunguzwa kidogo. Si vibaya, lakini ni bei ya kupatana kama nyingine yoyote.

Serikali iliwahi kujaribu. Mwaka 2010, Bodi ya ICT ya Kenya ilianzisha mpango wa Wezesha kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia. Mwanafunzi wa chuo kikuu alipunguziwa takriban dola 120, yaani Sh9,600 kwa viwango vya wakati huo, kwenye bei ya laptopu. Punguzo lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa na idadi na kikomo. Fedha zilipokwisha, nalo likaisha.

Kisha ukaja mwaka 2013. SEKU ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na mwaka huohuo Sheria mpya ya VAT ikarudisha kodi ya asilimia 16 kwenye kompyuta. Laptopu yenye bei ya Sh60,000 kabla ya kodi huongezewa Sh9,600. Ndicho kiasi kilekile ambacho Wezesha ilikuwa imempa mwanafunzi miaka mitatu kabla.

Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilishika njia nyingine: kuunganisha laptopu zake chenyewe mjini Juja, zenye jina Taifa, na kuwapa wanafunzi wapya huku gharama ikiingizwa katika malipo yao ya chuo. Mwanafunzi aliepushwa na msako wa madukani, ila mlipaji alibaki yuleyule.

Soko halisi la mwana wa Kanyangi, basi, ni la mitumba. Mashine zinazoitwa "ex-UK", zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya, hujaa kwenye maduka ya Moi Avenue na Luthuli jijini Nairobi, na kutoka huko husambaa hadi miji midogo. EliteBook, ThinkPad na Latitude ndizo zinazotafutwa zaidi, kwa kuwa zilitengenezewa kazi ya ofisi na vipuri vyake vinapatikana. Akiulizwa bei, muuzaji hujibu kwa swali: Core ngapi, memori ngapi, SSD ama diski ya kawaida?

Mnunuzi asitosheke na mwanga wa skrini. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport huandika ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa. Ikiwa imebaki na nusu, bei ishuke, au betri ibadilishwe kabla pesa hazijatumwa kwa M-Pesa. Anayelipa polepole naye ajumlishe amana na malipo yote ya kila wiki, kisha alinganishe na bei ya taslimu. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo riba, hata kama neno hilo halijaandikwa popote kwenye karatasi.

Wafanyakazi wa vyuo wana nafasi bora kidogo. Mwenye hati ya mshahara anaweza kukopa kwenye sacco, kama Chuna inayohudumia jamii ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akakatwa kila mwezi na kununua kwa taslimu. Punguzo lake hutokana na uwezo wa kulipa papo hapo.

Lakini kuna punguzo moja linalofika Kwavonza na Wote bila kupungua hata senti: la programu. Microsoft hutoa Office ya mtandaoni bila malipo kwa wanafunzi na wafanyakazi wa taasisi za elimu zinazotimiza masharti yake. Autodesk huwapa wanafunzi wa uhandisi na usanifu programu zake bure. JetBrains na GitHub hufanya vivyo hivyo kwa wanaojifunza kuandika programu. Mtafiti asiyeweza kununua SPSS anaweza kutumia R, na anayechora ramani za mashamba akatumia QGIS. Hizo mbili ni bure kwa kila mtu. Kwa zile za kampuni, mara nyingi kinachohitajika ni barua pepe ya chuo inayofanya kazi. Anayeiacha ilale hujikuta ananunua programu za wizi kwenye saiba, zikija na virusi vyake.

Kwa upande wa mashine, dawa imeshaonekana nchini. Vyuo vya Kenya viliunda KENET mwaka 1999 ili vinunue intaneti kwa pamoja. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, fedha za mradi uleule uliozaa Wezesha zilisaidia kuvinunulia vyuo uwezo wa intaneti kwa jumla. Vocha za laptopu zimesahaulika. Ununuzi wa pamoja bado unaendelea.

Vyuo hivyo vina maelfu ya wanafunzi wapya kila mwaka, wote wakitafuta bidhaa moja katika msimu mmoja. Hiyo ni oda ambayo hakuna mtengenezaji angeipuuza, na ni juu ya manaibu chansela kuipeleka mezani wakiwa kitu kimoja. Hadi hapo, mzazi wa Kanyangi adai risiti yenye namba ya mashine na dhamana ya maandishi, na mwanawe aiamshe barua pepe ya chuo wiki ya kwanza ya muhula.