Nyuma ya Redio Kuna Mambo: Chagueni Pamoja Vichwa vya Waya za Spika

Wapenzi wengi wanaoanza maisha hununua vitu kwa mpangilio unaofanana: kitanda, godoro, jiko la gesi, halafu televisheni na muziki. Muziki ukishafika sebuleni, mmoja wenu, mara nyingi baba, anajiteua kuwa waziri wa mitambo. Yeye ndiye anayejua waya ipi inaingia wapi. Siku akisafiri, spika moja ikanyamaza, nyumba nzima inakaa kimya kumsubiri. Je, kwenu hali ikoje?

Mimi naishi Nyamwaga, wilayani Tarime, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya. Mume wangu anafanya kazi kwa shifti upande wa Nyamongo, kwa hiyo kuna usiku mwingi ninaobaki na watoto, taarifa ya habari na muziki wetu. Na huku muziki si jambo la kufanyia mchezo. Wakurya wana litungu, kinubi kikubwa cha nyuzi nane, ambacho mlio wake mzito unausikia kifuani kabla haujafika masikioni. Mtu aliyekulia kwenye mlio ule, besi ikipotea redioni, hata bibi aliyekaa jikoni atauliza kuna nini.

Tulipoamua kubadilisha vichwa vya waya za spika zetu, tulibishana kama tunajenga nyumba. Nimeona nikushirikishe tulichojifunza, maana kitu hiki kidogo kinagusa pesa, amani ya ndani na usalama wa watoto.

KICHWA CHA WAYA KINAFANYA NINI HASA?

Muziki unatoka kwenye amplifaya kwa waya mbili, moja ya chanya na moja ya hasi, unafika kwenye spika, spika inacheza. Kichwa cha waya ni pale waya inapokutana na mashine. Kazi yake ni tatu tu: kuishika waya isichomoke, kugusana vizuri na chuma cha upande wa pili, na kuzuia waya mbili zisigusane. Basi. Hakuna kichwa kinacholeta besi ambayo haikuwepo.

Sasa mbona watu wanasema sauti imebadilika baada ya kuweka vipya? Mara nyingi ni kwa sababu vya zamani vililegea. Shaba iliyoachwa wazi hubadilika rangi ikawa nyeusi au kijani, vumbi linaingia, mguso unapungua na sauti inaanza kukwaruza au kukatika. Ukibadilisha, lazima usafishe na kukaza upya. Kinachosaidia ni huko kusafisha na kukaza, wala si jina lililoandikwa kwenye pakiti.

Kinachokula sauti zaidi ni waya yenyewe. Chukua waya ya shaba yenye unene wa milimita za mraba 0.5, ipeleke kwenye spika iliyo mita 10. Kwenda na kurudi, ukinzani wake unakaribia omu 0.7. Ukitumia ya milimita za mraba 1.5 unapata kama omu 0.23 tu. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 4 hadi 8, kwa hiyo ile nyembamba inapunguza nguvu kweli. Kichwa kilichokazwa vizuri huongeza ukinzani mdogo mno, sehemu chache za elfu moja za omu. Kama bajeti ni ndogo, anza na waya.

Na hapo kwenye waya, kuwa macho. Kuna zinazong'aa kama shaba, kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona rangi nyeupe ndani, jua si shaba tupu, na unahitaji waya nene zaidi kupata kazi ileile.

ANGALIA MATUNDU KWANZA

Usiende dukani kabla hujageuza mashine ukaangalia mgongoni. Matundu ndiyo yanayoamua, si moyo wako.

Kama una sabufa ya kawaida yenye spika ndogo, mara nyingi utakuta matundu ya duara kama yale ya waya za deki, nyekundu na nyeupe. Hapo huna cha kuchagua. Kichwa kikifa, fundi anaweka kingine cha aina hiyohiyo. Cha muhimu ni kuzima mashine kabla ya kuchomeka, kwa sababu vichwa hivi vinaweza kupiga shoti wakati vinaingia. Pia usichanganye matundu ya kutoa sauti na yale ya kuingizia.

Kama kuna vibanio vya springi, vile unavyobonyeza na kuingiza waya, vinavyofaa ni pini nyembamba au waya mtupu uliosokotwa. Menya kiasi cha sentimita 1, sokota nyuzi zote pamoja, ingiza. Uzi mmoja ukichepuka ukamgusa jirani, ni shoti. Amplifaya nzuri itajizima kujilinda, ya bei poa inaweza kuungua.

Kama kuna nguzo zenye nati za kukaza kwa mkono, hapo una uwanja mpana. Unaweza kutumia waya mtupu, pini, lagi zenye umbo la U, au zile plagi maarufu za banana. Sisi tulikuwa kwenye kundi hili, na ugomvi wetu ulianzia hapo.

BABA ANATAKA DHAHABU

Mume wangu aliziona banana za rangi ya dhahabu kwa rafiki yake, basi akarudi nyumbani ameshaamua.

"Mama watoto, zile ndiyo mpango mzima. Unachomeka tu, hakuna kusokota."

"Baba watoto, na hiyo dhahabu inaongeza nini?"

"Sauti inakuwa safi."

Ukiwa unaishi jirani na mgodi wa North Mara, ambao umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2002, neno hilo lina uzito wake. Lakini dhahabu kwenye plagi ina kazi moja ya maana: haishiki kutu. Ni tabaka jembamba mno lililopakwa juu ya chuma kingine, mara nyingi shaba nyeupe au ya njano. Inasaidia mguso kubaki msafi kwa miaka. Haiongezi utamu wa sauti siku ya kwanza.

Plagi ya banana yenyewe si kitu kipya. Mjerumani Richard Hirschmann anatajwa kuwa ndiye aliyeibuni, mwaka 1924. Imeitwa ndizi kwa sababu ya vile vyuma vyake vilivyotuna katikati, ambavyo hujibana vikiingia tunduni. Unene wa tundu lake ni milimita 4. Ni rahisi, inaingia haraka, na hakuna nyuzi za kuchepuka. Kwa nyumba ya watu wazima watupu, ni chaguo zuri. Ila sisi tuna mtoto wa miaka mitatu.

SIKU YA FUNDI

Fundi alikuja Jumamosi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa ekstensheni ukutani, akaiweka sakafuni. Akapanga banana nne kwenye mkeka, tayari zimefungwa kwenye waya, ili tuone zinavyokaa. Wakati yeye na mume wangu wameinamia amplifaya, mtoto akaokota ncha moja, akaisokomeza kwenye tundu la duara la ekstensheni. Ikaingia mpaka mwisho, kama imetengenezewa pale.

Sebule ikanyamaza. Umeme haukuwepo kwenye ile ekstensheni, na mtoto alikuwa anacheka. Fundi akaichomoa taratibu, akasema, "Shemeji, hizi hatuweki humu."

Akatueleza sababu. Plagi ndogo za pini mbili za Ulaya nazo zina pini za milimita 4. Ndiyo maana amplifaya zinazouzwa Ulaya huja na vifuniko vya plastiki kwenye matundu ya banana, kuwazuia watu wasizoee kuchanganya. Soketi zetu za ukutani ni za matundu matatu ya mstatili, na nyingi zina vizibo ndani. Lakini ekstensheni nyingi za madukani hupokea plagi za kila aina, za duara zikiwemo.

Fikiria hesabu yake. Amplifaya ya wati 100 ikiisukuma spika ya omu 8 inatoa kama volti 28. Umeme wa ukutani ni volti 230. Ukiuelekeza kwenye spika ileile unaizidishia mpaka zaidi ya wati 6,000. Spika inaungua papo hapo, moto unaweza kushika, na anayeshika ncha ya pili ya ile waya anaweza kupoteza maisha.

TULIVYOKUBALIANA

Nilimuuliza fundi kama pini nyembamba zingetosha. Akasema nazo zinapenya tundu la umeme, hata waya mtupu unapenya. Swali la kujiuliza ni je, mtoto anaweza kuichomoa? Banana na pini zinavutika. Lagi ya U iliyo chini ya nati iliyokazwa haivutiki kirahisi, na upana wake hauingii kwenye tundu la duara.

Tukachagua lagi za U. Mume wangu akapata zilizopakwa dhahabu, akatabasamu. Mimi nikapata kitu ambacho mtoto hawezi kukitoa. Fundi akazibana kwa plaizi ya kubania, bila risasi. Alitueleza kuwa waya iliyojazwa risasi ikikazwa kwa skrubu, ile risasi hubonyea polepole, na baada ya muda muungano unalegea.

Halafu nikaomba jambo moja: tepu nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi, ncha zote mbili, na karatasi ndogo yenye mchoro ibandikwe nyuma ya amplifaya. Wiki mbili baadaye mume wangu akiwa shifti ya usiku, tulisogeza kabati. Niliifungua na kuirudisha mwenyewe, na spika zote zikaimba.

KABLA HUJAMLIPA FUNDI

Hakikisha mambo haya, wewe na mwenzi wako:

- Mashine imezimwa na kuchomolewa ukutani wakati wa kazi yote.
- Chanya imeenda kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye spika zote. Ukigeuza moja tu, spika zinavutana na besi inapotea. Kama alama zimefutika, chomoa waya kwenye amplifaya, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Utando wa spika ukitoka nje, waya iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya.
- Vuta kila waya kidogo. Ikichomoka, irudiwe.
- Hakuna uzi unaochungulia pembeni.
- Kama kabati linagusa ukuta, pima nafasi. Banana zinatokeza nje sana, lagi zinalala chini.
- Usikubali kamwe plagi ya umeme wa ukutani ifungwe kwenye waya ya spika, hata kwa muda, hata kwenye sherehe. Kwa spika kubwa za ukumbini kuna Speakon, zilizobuniwa na kampuni ya Neutrik mwaka 1987. Unaingiza na kuzungusha, inajifunga, na huwezi kugusa chuma kilicho ndani.

Baada ya hapo, kila baada ya miezi michache kazeni nati upya na kufuta vumbi. Fanyeni wote wawili, mmoja akiwa ameshika tochi na mwingine akikaza. Safari inayofuata mbadilishane zamu, ili kila mmoja wenu aweze kuwasha muziki siku mwenzake hayupo.