Kutembea na Mbwa: Njia Nzuri za Nchi Yetu, na Kadi ya Chanjo Mfukoni

Mbwa wangu anaitwa Watasema. Jina hilo sikumpa mimi. Alikuja nalo kutoka kwa jirani aliyehamishiwa kikazi mkoa mwingine, akaniachia miche miwili ya mipapai, pipa la maji na mbwa wa kienyeji mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, rangi ya mchanga, sikio moja limelala. Nikimwita hadharani watu hugeuka. Siku moja ufukweni nilipaza sauti, "Watasema, rudi!" na mama mmoja aliyekuwa akiokota kombe akanijibu kwa upole, "Waache waseme, mwanangu."

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiwaambia wagonjwa wenye shinikizo la damu na kisukari kwamba mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kwamba kutembea kwa hatua za haraka kunatosha kabisa. Nilikuwa nikiyasema hayo nikiwa nimeketi. Kutoka nyumbani hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi wodini: hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya miguu, na kipimo changu cha shinikizo la damu kilikuwa kimeanza kunisuta. Mbwa alipokuja, mambo yalibadilika kwa sababu moja tu: mbwa hasikilizi visingizio. Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri huwa ameshasimama mlangoni.

Lakini lazima nikiri kwamba mwanzoni nilimpokea kwa hofu. Nilipokuwa katika mwaka wa mafunzo kazini, katika hospitali ya wilaya, aliletwa mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi. Alikuwa akiomba maji, akiletewa kikombe koo linakakamaa, anakisukuma kwa mikono miwili. Upepo wa dirishani ulimtetemesha. Wiki sita kabla yake aliumwa kidogo mkononi na mbwa mchanga wa nyumbani, jeraha likapona lenyewe. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, sisi madaktari hatuna dawa ya kukiondoa. Tulichoweza ni kumtuliza asiteseke. Mama yake aliniuliza swali ambalo bado nalisikia: "Mbona mbwa mwenyewe alikuwa mdogo tu?"

Ndiyo maana, kabla ya kununua mkanda wa shingoni na kamba, nilimpeleka Watasema kwa daktari wa mifugo. Kadi yake ya chanjo hukaa katika mfuko wa suruali yangu ya mazoezi, na imenifungulia njia nyingi kuliko kitambulisho changu cha kazi. Mbwa wa kwetu hufungwa mchana na kufunguliwa usiku ili alinde. Watu wamezoea kumwona kama silaha ya mwenye nyumba. Ukipita naye barabarani asubuhi, watoto hukimbia, na wana sababu ya kukimbia. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Anayetaka kutembea na mbwa wake katika nchi hii ajue kwamba amebeba pia wajibu wa kuwatuliza wenzake.

Baada ya hayo, nchi ni nzuri na njia ni nyingi.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kutoka mjini Lushoto hadi Irente. Ni mwendo wa kilometa tano au sita, wa kupanda kwa upole, ukipita kati ya bustani za mboga, mipeasi, miplamu na mikaratusi. Hewa ya Usambara asubuhi ni ya baridi kiasi cha kumfanya hata mbwa wa Pwani arukeruke kama mwanambuzi. Mwisho wa njia ardhi inakatika ghafla: unasimama juu ya jabali, na chini yako, mamia ya mita, tambarare ya Mazinde na Mombo inatandazwa hadi macho yanapochoka. Hapo kamba isitoke mkononi hata kidogo. Mbwa hajui maana ya mandhari. Akiona mjusi ataruka. Wakati wa kurudi tulipumzika karibu na shamba la Irente, ambako huuzwa jibini na jamu, nami nikagundua kwamba Watasema anaweza kusahau mafunzo yote ya miezi minne kwa ajili ya kipande cha jibini.

Milima hiyo ina historia ambayo daktari hawezi kuipita kimya. Mwaka 1980 wilaya ya Lushoto ilikumbwa na tauni, na milipuko ikaendelea kujirudia kwa zaidi ya miaka ishirini. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, na mbwa anayechimbachimba mashimo ya panya anaweza kuwabeba viroboto hao hadi sebuleni. Sisemi hayo ili kumzuia mtu asiende Lushoto, mimi nitarudi. Nasema tu kwamba dawa ya viroboto na kupe hutumika kabla ya safari, si baada ya mbwa kuanza kujikuna.

Iringa ni mji uliojengwa kwa ajili ya miguu, ingawa sidhani kama waliouanzisha walifikiria hivyo. Uko juu, hauna joto la kumchosha mnyama, na nyuma ya makazi kuna jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe linalozungumza. Simulizi za wenyeji husema kwamba Chifu Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari. Kupanda hakuchukui muda mrefu, na juu unauona mji wote. Tulipofika, tulikuta watoto watatu wamekaa wakila miwa. Mmoja, msichana mwenye sare ya shule, hakukimbia. Aliuliza kwanza, "Kamwene. Huyu amechanjwa?" Nikamwonyesha kadi. Akaisoma tarehe kwa makini kuliko maofisa wengi ninaowafahamu, kisha akaniambia kwamba mwalimu wao aliwafundisha: usimguse mbwa anayekula, anayelala, wala mwenye watoto. Alinyoosha mkono akamgusa Watasema begani, si kichwani. Nilitamani kumjua mwalimu huyo.

Morogoro ina njia ya kupanda Uluguru kuelekea Morningside, palipo na jengo la zamani la enzi za Wajerumani. Ni ngumu zaidi. Mtu mwenye maumivu ya kifua au goti asianze nayo. Njia hupita katikati ya mashamba na nyumba za watu, na kila nyumba ina mbwa wake, naye hana habari kwamba wewe ni mgeni wa amani. Wakitokea, simama. Fupisha kamba, mweke mbwa wako nyuma ya miguu yako, usiwakazie macho, usikimbie. Ikibidi, inama kana kwamba unaokota jiwe. Hakuna mbwa wa kijijini asiyeielewa lugha hiyo, na mara nyingi hutahitaji hata kulirusha. Msitu wa hifadhi unaoanza juu ya hapo tuliuacha kama ulivyo, tukateremka. Faida nyingine ya Morogoro ni kuwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako hufundishwa madaktari wa mifugo. Kwa mwenye mbwa mgonjwa, hilo si jambo dogo.

Sasa Pwani, ambako ndiko ninakoishi. Dar es Salaam tunatembea Coco Beach alfajiri, au tunavuka daraja la Kigamboni kwa gari kwenda kwenye fukwe tulivu zaidi. (Usafiri wa umma usahau: daladala hatakubalika, na dereva wa bajaji ataangalia kiti chake, amwangalie mbwa, kisha awashe injini aondoke.) Wakati mzuri ni maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa umeshikana. Baada ya saa mbili asubuhi turudi nyumbani. Mbwa hatoi jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema, na joto likizidi anaweza kuzirai na hata kufa. Lami nayo huunguza nyayo. Weka mgongo wa kiganja chako barabarani uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, na yeye hataweza.

Ufukwe una mambo mawili yanayohitaji adabu. La kwanza ni kinyesi. Mbwa wengi hubeba minyoo jamii ya safura, na mayai yake, yakitoka na kinyesi, huangua katika mchanga wenye unyevu na kivuli. Mabuu hupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku au mtoto anayechezea mchanga, kisha huchora chini ya ngozi mistari myekundu inayojipinda na kuwasha vibaya sana usiku. Nimewapokea wagonjwa waliokwisha kupakwa dawa za fangasi kwa wiki nzima bila nafuu, ilhali tiba sahihi ipo na ni nyepesi. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na okota anachokiacha. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, mimi hubeba gazeti la jana na kopo lenye mfuniko. Wapitaji hunicheka. Jina la mbwa linajitosheleza.

La pili ni majirani zetu. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kukitakasa kilichoguswa ni kazi ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyetawadha anayeelekea msikitini akikuona, pisha mbali, vuka barabara ikibidi, fupisha kamba. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akinikunjia uso kila alfajiri. Nilipoanza kuvuka upande wa pili kabla hajafika, alianza kunisalimu kwanza yeye. Siku hizi huniuliza hali ya mgonjwa wake, maana mkewe ana kisukari.

Mwanza nimetembea mara moja tu, pale Capri Point, kati ya mawe makubwa yenye pimbi wanaomtazama mbwa kwa dharau. Ni pazuri mno jioni. Usirushe kijiti ziwani, kwa sababu atakifuata, nawe utamfuata yeye, na kichocho katika Ziwa Victoria hakichagui mtalii wala mwenyeji. Kisiwa cha Saanane kilicho jirani ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo mbwa haendi.

Hapo ndipo wenzangu wengi hukasirika. Kwa nini nisimpeleke mbwa wangu hifadhini, wakati nalipa kiingilio? Jibu liko Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliingia humo, na utafiti ukaonyesha kwamba chanzo chake kilihusiana na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Takriban theluthi moja ya simba, yapata 1,000, walikufa. Tangu wakati huo kampeni za kuwachanja mbwa wa vijiji hivyo zimekuwa zikilinda mambo mengi kwa mkupuo mmoja: simba, mbwa mwitu, na watoto wa vijiji hivyohivyo dhidi ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo Kilimanjaro, Hifadhi ya Arusha, Udzungwa, Kitulo na Saadani, Watasema atazisikia tu. Misitu ya hifadhi nayo, uliza ofisi husika kabla ya kufunga safari.

Na ikiwa, pamoja na tahadhari zote, wewe au mpita njia ataumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata mchanga, hata wa nyumbani: osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Usipake majivu, kitunguu wala mafuta ya taa. Nenda siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya uanze chanjo, na uikamilishe hata jeraha likipona. Jeraha kubwa, au la kichwani, usoni au mikononi, huenda likahitaji pia kingamwili zinazochomwa kwenye jeraha lenyewe. Mbwa anayejulikana asiuawe kwa hasira. Afungwe na achunguzwe kwa siku kumi, huku chanjo ya aliyeumwa ikiwa imeshaanza.

Halmashauri nyingi hutoa chanjo kwa mbwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwaka jana nilipanga foleni nikiwa na wavulana waliowaleta mbwa wao kwa kamba za katani na waya wa umeme. Kijana mmoja alikuwa na mbwa watano, wote wa mtaa mzima, kwa kuwa wenye mbwa walikuwa kazini. Shinikizo langu sasa ni 124 kwa 78. Desemba, Mungu akipenda, tunakwenda Mufindi kwenye mashamba ya chai. Nimeambiwa ukungu hauondoki hadi saa nne, na ninatafuta sweta la mtoto litakalomtosha Watasema.